Kanda ya Mama Iliyozibwa kwa Karatasi

Kaka yangu Zenon mnamfahamu nyie mnaosali huku Malangali. Ni yule mzee mwembamba anayesimama mbele ya kwaya akipunga mikono kama anafukuza kuku kwenye ulezi. Nyimbo zake mnaziimba. Mimi, mdogo wake Edith, nitawaambia zilikotoka.

Zilitoka kwenye kasha la bati lililojaa kanda za kaseti, mia mbili na ushee. Rumba, taarabu, kwaya za kila parokia, na ngoma za harusi alizorekodi mwenyewe kule Mwimbi. Alisikiliza asubuhi mpaka jioni, jembe limeegemea ukuta. Mkewe, Coleta, akilalamika, alijibiwa hivi: "Ng'ombe usiyemlisha utamkamua nini?" Mvivu ana majibu, jamani. Ila nyimbo zilikuja kweli.

Kanda moja ilikuwa ya mama yetu, Kalista. Mwaka wa tisini na nne tulikuwa tunapura ulezi shambani Izia, mama anaimba, sisi tunapiga fimbo kwa kumfuata. Zenon akaweka redio juu ya gunia, akamrekodi. Kanda ilipojaa, akavunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda ili mtu yeyote asije akarekodi juu ya mama. Alikuwa na akili siku hiyo.

Miaka sita iliyopita mama alipata kiharusi, sauti ikaondoka. Wajukuu wadogo walimjua kama bibi anayetazama tu. Machi mwaka huu akafariki. Msibani Zenon alisimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Arobaini njooni wote. Mtamsikia mama akiimba." Nililia kwa furaha, msiba ukiwa bado mbichi. Nilitaka wanangu waijue ile sauti.

Siku ya arobaini, baada ya misa, watu walikaa uani, pombe ya ulezi ikawekwa kando kwanza. Zenon akatoa kanda. Juu imeandikwa MAMA, ULEZI. Akaitia kwenye redio, akabonyeza.

Ikatoka sauti yake yeye mwenyewe. Zenon kijana, anaimba sauti ya nne, ile nzito ya kwaya, anakosea, anakohoa, anaanza tena. Ulikuwa ule wimbo wake wa mavuno, ambao hata Jimboni wanauimba.

Niliichomoa kanda redioni nikaigeuza. Vile vitundu viwili mgongoni vilikuwa vimezibwa kwa karatasi iliyotafunwa, na ukiviziba hivyo redio inakubali kurekodi tena. Basi nikaelewa, na yeye akakumbuka. Wimbo ulimjia Jumamosi, kesho yake mazoezi, kanda tupu hana. Alijiambia mama yupo, atamrekodi tena siku yoyote.

"Upande wa pili je?" nikamuuliza.

"Sauti ya tatu," akasema, hakuniangalia.

Nilimtukana mbele za watu. Sijutii. Lakini nilipokuwa namtukana, Coleta alisema taratibu, "Wifi, huo wimbo si ndio ule wa mama wa kupura?" Kweli. Maneno ni ya kanisani, lakini mapigo ni ya fimbo zetu na ile sehemu inayopanda ni ya mama kabisa. Mama mwenyewe aliusikia kanisani miaka hiyo, akanigusa kiwiko, akatabasamu. Nilidhani anajivunia mwanawe tu.

Tukairudisha kanda redioni, tukaiacha iendelee. Wimbo wa Zenon ukaisha, ukafuata mkwaruzo. Kisha fimbo mbili tatu, na sauti ya mama, karibu kabisa, haimbi: "Zenon, zima sasa mwanangu, utamaliza betri."

Hakuna kingine. Wajukuu waliomba irudiwe, tukairudia mpaka mzee mmoja akasema inatosha.

Tangu siku hiyo kasha limefungwa. Mwenyekiti wa kwaya amekuja mara tatu kuomba wimbo mpya wa mavuno. Juzi nilikwenda mwenyewe kwa Zenon, hasira zimepungua, nikamwambia, "Kaka, tunga. Mama yumo humo humo kwenye nyimbo zako, hayuko pengine."

"Najua," akasema. "Lakini kila nikianza, Edith, namsikia ananiambia nizime."