Neno la Siri la Marehemu

Mzee Chirandu alikuwa mtu wa kugawa. Mkewe, Mama Tonderai, aliipenda tabia hiyo na kuichukia vilevile. Mwana wao wa pekee alipowatumia kisanduku cha intaneti kutoka Ireland, mzee alikifunga mwenyewe sebuleni kwao Mkoba, mjini Gweru, akaweka neno la siri: chirandu. Ndilo jina la sifa la ukoo wake, na mtaa mzima ulimsalimia kwalo.

"Hiyo ni siri au tangazo?" mkewe alimuuliza.

"Chirandu hafungii watu mlango, mama."

Wema una gharama, ila mara nyingi halipi yule aliyeugawa. Mzee alipokuwa hai, jirani wawili watatu walidokoa waifai, hakikuharibika kitu. Kila Jumapili Tonderai alitokea kwenye simu, wazee wakakaa kochi moja kumtazama akila.

Sasa mzee amekufa. Tonderai hana karatasi za kuishi huko; akitoka Ireland hatarudi, na kazi yake ndiyo inayolisha nyumba. Aliomba jambo moja tu.

"Mama, jeneza likifunguliwa nionyeshe uso wa Baba. Basi."

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Asubuhi ya maziko wageni walijaa hadi barabarani. Kila aliyeingia aliwapa mkono ndugu wa marehemu, "Pole, Chirandu," akakaa, akatoa simu, akaandika neno hilohilo. Mama Tonderai aliona picha ya mwanawe kwenye simu inaanza kuganda. Kukizima kisanduku ni kumzima na Tonderai, na mjane hafukuzi wageni. Anayeruhusiwa kusema lolote msibani ni mtani wa ukoo, basi akamwita Mzee Madzivire, aliyekuwa amevaa koti la marehemu na kumuigiza tangu alfajiri.

"Shemeji, waambie watoke kwenye waifai. Mtoto hatamwona babake."

Mzee Madzivire akapanda juu ya benchi. "Enyi wachawi! Mmemmaliza mwenyewe, sasa mnanyonya na intaneti yake? Zimeni simu, mtoto amwone babake!"

Ua mzima ukaangua kicheko.

"Marehemu mtupu huyo," mwanamke mmoja alisema, akijifuta macho.

"Babu, ngoja kwanza video yangu iishe," kijana mmoja akadakia.

Mzee Madzivire akarudia, safari hii sauti ikimtetemeka. Wakacheka zaidi. Maisha yake yote kazi yake misibani ilikuwa kuwachekesha. Nani angejua kwamba leo hatanii?

Jeneza likafunguliwa. Mama Tonderai akapita ameishika simu kwa mikono miwili, macho kwenye kioo.

"Unamwona, mwanangu?"

"Ma... Ma..."

Sauti ikakatika, kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka kwenye kioo. Akaisogeza simu, akaiinua, akaishusha. Foleni nyuma yake ikamsukuma taratibu, kisha mfuniko ukarudishwa.

Jumapili iliyofuata nyumba ilikuwa tupu. Tonderai akatokea, kila unywele wake unaonekana.

"Leo picha ni safi, Mama."

"Watu wameondoka."

"Basi nisimulie tu. Uso wake ulikuwaje?"

Mama Tonderai akafungua mdomo. Ndipo alipotambua kwamba hata yeye hakumwona mumewe. Alikuwa akikitazama kile kiduara.