Kle ya Mfuko wa Stanislas

Vyungu vya Henriette vilikuwa vimeshafungwa ndani ya magunia, naye alikuwa bado hajakubali kuondoka.

Aliyevifunga ni mume wake, Stanislas, mtunza ghala kwenye kiwanda kimoja cha shaba hapa Likasi. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na majirani wote wa mtaa wa Panda walimsifu kwa upole wake. Tangu mvua zianze alikuwa na neno moja tu mdomoni: Tshangalele. Mke wake aende akakae kule ziwani kwa mama yake mzazi, pamoja na watoto wadogo, awe ananunua samaki kwa wavuvi wenyewe. Yeye atabaki mjini kutengeneza paa la nyumba. Mwaka mmoja tu, labda na zaidi kidogo. Lori la rafiki yake lingeelekea huko Jumatatu, kwa hiyo alitaka jibu Jumapili baada ya misa.

Henriette alimsikiliza kama anavyomsikiliza mtu anayemuuzia samaki huku amefunika kapu. Hakuona ubaya wa mpango wenyewe. Mama yake alikuwa mzee kweli, na samaki wa ziwani walikuwa rahisi kweli. Kilichomsumbua ni jinsi mume wake alivyokuwa na jibu tayari kwa kila swali, hata yale ambayo yeye alikuwa bado hajayauliza.

Alizaliwa huko huko ziwani, kwenye nyumba ambamo shule ilikuwa ya wavulana. Alifika Likasi akiwa bibi harusi asiyejua kusoma hata jina lake, akaanza kuuza samaki wa kukaushwa, na kwa samaki hao akalea watoto wanne. Matofali ya vyumba viwili vya ile nyumba yalitoka kwenye beseni lake. Stanislas alipenda kusahau jambo hilo mbele ya wageni. Lakini Henriette hakusahau, na alijua pia wanawake waliotoka nyumbani kwao kwa mwaka mmoja, wakarudi kukuta dirishani pazia lisilo lao.

Alipowaeleza wenzake wa sokoni mashaka yake, walimcheka. Walisema mwanaume asiyekunywa, anayesali, anayefanya kazi hata mwisho wa wiki, angekuwa wa mwanamke mwingine, huyo mwanamke angeshukuru. Dada yake mwenyewe alimwambia kwamba roho yake imekauka kuliko bidhaa zake. Henriette akaacha kueleza, lakini hakuacha kutazama.

Alhamisi hiyo Stanislas alitumwa Lubumbashi na kiwanda, arudi Jumamosi. Aliondoka kwa haraka, akabadilisha suruali mlangoni, na safari hii hakuichukua kompyuta yake. Ilikuwa ile nyeusi ya kubeba, ambayo Sephora, binti yao mkubwa, alikuwa ameibandika picha ndogo ya Bikira Maria juu ya kifuniko. Kila Ijumaa jioni Stanislas aliibeba kwenda zamu ya mwisho wa wiki, kuhesabu magunia, alisema, na kila Jumapili aliirudisha. Sephora, aliyekuwa anasomea ualimu, alimwomba baba yake mara nyingi awawekee mtandao. Baba alijibu kwamba antena ya mashine imekufa ndani, haina dawa. Basi msichana akawa anazunguka kwa marafiki zake kuomba kompyuta kama mtu anayeomba chumvi.

Ijumaa asubuhi Henriette alikuwa anafua ile suruali. Ndani ya kale kamfuko kadogo ka mbele, vidole vyake vikagusa kitu kigumu. Kilikuwa kifupi kuliko kidole gumba chake, cheusi, na upande mmoja kilikuwa na mdomo wa chuma. Alikifuta kwa kanga, akakinusa, akakitikisa sikioni. Hakumwonyesha Sephora, kwa sababu Sephora alimpenda baba yake na angempigia simu. Aliona tu kwamba ule mdomo wa chuma unalingana na tundu lililo ubavuni mwa kompyuta, na kwamba mtu hafichi kwenye mfuko mdogo kitu anachoweza kukiacha juu ya meza.

Akaiweka kompyuta ndani ya beseni, chini kabisa, akaifunika kwa gazeti na samaki kidogo juu, akaenda Kikula, mtaa mwingine. Karibu na kwao kulikuwa na mafundi wawili, lakini wote walimjua Stanislas na wangempelekea habari kabla ya chakula cha mchana. Henriette alitaka fundi ambaye hajawahi hata kusikia jina la mume wake.

Alielekezwa kwa Papy, kijana mnene mwenye kibanda cha bati nyuma ya maduka. Ndani kulikuwa na mteja mbele yake, msusi wa nywele aitwaye Daniella. Henriette akakaa kwenye benchi na kungoja. Na hapo juu ya meza, ndani ya plastiki ambayo haijafunguliwa, akaona kitu kama kile alichokibana kwenye ncha ya kanga yake.

Daniella aliuliza kama kweli kadude kadogo hivyo kataleta mtandao. Papy alicheka, akamwambia kuwa ukubwa haujawahi kupika bukari, ule ugali wa kila siku.

"Iko kle ya koneksyo," alisema. "Antene ya mashini ikikufa, hii njo inashika fasi yake. Haina mambo."

Henriette akakumbuka neno la Stanislas kuhusu antena: haina dawa. Alitazama.

Kazi ya kle ya Daniella ilichukua muda. Papy aliichomeka, mashine ikaonyesha alama ya kulalamika, kwa kuwa ilikuwa haiijui. Akaingiza CD ndogo iliyokuja nayo, ili mashine ifundishwe namna ya kuongea na kle hiyo. Maswali yakatokea, akayajibu moja baada ya jingine kwa kubonyeza. Umeme ukayumba, Papy akashika kichwa, ukatulia. Kisha mashine ikajizima na kuwaka tena, na taa ndogo ya kle ikaanza kumeta. Yakatokea majina ya mitandao ya majirani, Papy akachagua mmoja, na mashine ikamdai kode, yaani neno la siri. Akafunika kwa mkono wa kushoto, akaandika kwa wa kulia. Alimweleza Daniella kwamba ule ni mtandao wa nyumba iliyo nyuma ya ukuta, wanamruhusu kuutumia kujaribu mashine za wateja, lakini kode si ya kugawa. Mtandao ukafunguka. Daniella akaondoka akiimba.

Henriette akatoa kompyuta chini ya samaki.

Papy alikuwa anatabasamu kwa sababu ya harufu. Alipoona picha ya Bikira Maria kwenye kifuniko, tabasamu likaondoka.

"Mashini iko ya nani, mama?"

"Ya bwana yangu."

"Munaikala hapa Kikula?"

"Panda."

Akakuna shingo. Akasema leo ana kazi nyingi, mama aache mashine, arudi kesho saa yoyote. Henriette alikuwa amesikia habari za mafundi wanaotoa vipuri vizuri tumboni mwa mashine na kurudisha vibovu. Alidhani ndiyo sababu kijana hamwangalii usoni. Akavuta benchi karibu zaidi na meza, akasema atangoja hata mpaka jua lizame. Papy akajaribu tena: kle za zamani huharibu mashine, afadhali mama anunue mpya. Henriette akamwambia aichomeke hiyo hiyo.

Papy aliichomeka kama mtu anayeingiza mkono kwenye shimo.

Hakugusa CD. Mashine haikulalamika, haikuuliza swali, haikujizima. Taa ya kle ikawaka palepale, ikameta mara mbili tatu na kutulia, na chini kwenye pembe ya kioo alama ya mtandao ikajaa yenyewe. Papy akaichomoa haraka, akafunga kifuniko.

"Inatumika muzuri. Unaweza kuenda, mama. Sikuombe kitu."

Fundi asiyeomba kitu. Henriette akaweka mkono juu ya kompyuta.

"Ile ya Daniella iliuliza maneno mingi. Hii haikuuliza. Juu ya nini?"

"Mashini haziko sawasawa."

"Ile ilikuuliza kode, ukafunika na mukono. Hapa haukuandika kitu, na koneksyo ikaingia."

Papy akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza mahali palipokuwa safi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kle na kode vinawekwa mara moja tu. Kisha mashine inakumbuka, na siku ikirudi mahali pale inaingia yenyewe bila kuuliza.

"Basi nani aliandika ile mara moja?"

Kijana akatazama mlango, halafu ule ukuta wa nyuma.

"Minye niko muntu ya mashini tu, mama. Usiniingize mu mambo ya bantu."

Henriette hakupaza sauti. Alikaa tu, mikono juu ya kompyuta. Ndipo Papy akasema yote kwa vipande. Nyuma ya ukuta anakaa mwanamke anayeitwa Mama Carlos. Mwaka uliopita bwana wake alimwita Papy aweke kisanduku cha mtandao mle ndani, na siku hiyo hiyo Papy aliichomeka kle hii kwenye mashine hii na kuandika kode kwa vidole vyake mwenyewe. Ile picha aliiona siku hiyo. Bwana huyo ni mpole, hanywi, huja Ijumaa na kuondoka Jumapili.

"Carlos iko mukubwa?"

Papy akaonyesha kwa kiganja, usawa wa meza. Kisha, kama mtu aliyeanza kutapika na hawezi kukatiza, akaongeza kwamba hawatakaa sana hapo. Mama Carlos anawaambia watu kwamba karibuni watahamia Panda. Bwana wake ana nyumba huko, wanangoja tu atolewe mtu aliyemo.

Nyuma ya ukuta mwanamke alikuwa anamwita mtoto aje kuoga. Henriette angeweza kuzunguka, ilikuwa hatua chache. Hakwenda. Uso wa yule mwanamke haungemwambia kitu ambacho mashine haijamwambia. Akamwekea Papy samaki wawili wazuri mezani, kwa sababu hakutaka kubaki na fadhila ya mtu yeyote wa Kikula, akarudi Panda kwa miguu, beseni kichwani. Njia nzima aliwaza jambo moja: si yule mwanamke, bali Sephora akizunguka kuomba kompyuta kwa watu, na kle iko mfukoni mwa baba yake.

Stanislas alirudi Jumamosi jioni. Magunia yalikuwa yamefunguliwa, na vyungu vilikuwa vimerudi kwenye rafu. Juu ya meza ilikuwepo kompyuta, imefunguliwa, na ubavuni mwake ile kle ikimeta, ikimeta, ikitafuta mtandao ambao hauko Panda.

Aliitazama. Mkono wake ukashuka wenyewe mpaka kwenye mfuko mdogo wa suruali.

"Uliitosha wapi ile?" akauliza.

"Mu suruali yako. Nikaipeleka Kikula, ikaingia kama mutoto wa nyumba. Haikuuliza hata kode." Henriette aliweka bukari mezani, na samaki, na maji ya kunawa. "Minye siende Tshangalele. Kama muntu anaenda kutoka mu hii nyumba, njia ya Kikula weye unaijua."

Stanislas hakunawa. Hakula. Jumapili walikwenda misa kila mmoja kwa njia yake, na baada ya misa hakuuliza jibu. Jumatatu lori lilipiga honi nje. Henriette alikuwa anasugua chungu, akamwambia dereva kupitia dirishani kwamba hakuna mzigo.

Ijumaa iliyofuata Stanislas alitoka na nguo zake, bila kompyuta mkononi. Siku hiyo Sephora alifungua mtandao wa simu yake ili mashine iutumie kwa ile kle. Henriette alisimama nyuma yake, hajui kusoma, akitazama kioo kama anavyotazama mizani ya mtu mwingine.

"Inauliza kode?" akasema.

"Inauliza, mama."

"Basi andika."