Dakika Tatu za Jumamosi

Kwii, kwii, tak. Gurudumu kavu la toroli hulia mara mbili, kisha hugonga kiungo cha sakafu. Mlio huo mama huyu wa watoto wawili anaukumbuka hata usingizini, kwani amelisukuma toroli hilo miaka kumi na mmoja, kutoka wodini hadi chumba cha kufulia cha hospitali, limejaa mashuka. Wenzake humwita Afande, kwa sababu mumewe ni askari, na kwa sababu hana mzaha anapowafunza wafuaji wapya. Shuka lenye damu hulowekwa kwanza kwenye maji baridi, huwaambia; ya moto huigandisha.

Mumewe alikuwa na mwezi wa saba huko mbali, kwenye ulinzi wa amani. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, wake wa askari walipanga foleni kwenye ofisi ya kikosi kuzungumza na waume zao kwa simu, dakika tatu kwa kila familia. Walikuwa na sheria yao ambayo haikuandikwa popote: habari mbaya hazisemwi kwenye simu. Askari mwenye mawazo hukosea lindo. Kwa hiyo Afande alijifungua mtoto wa pili peke yake, akamwambia mumewe kuwa uchungu ulikuwa wa haraka. Ulikuwa wa siku mbili. Paa lilipovuja, alisema mwaka huu mvua ni nzuri.

Jumamosi hiyo alikwenda na mama mkwe wake. Bibi huyo ana presha, na daktari alikwisha kuonya asishtuliwe. Wiki iliyotangulia zamu yao ilirukwa. Waliambiwa mitambo ni mibovu, ingawa jirani aliyewafuata kwenye foleni alizungumza na mume wake mwenyewe vizuri tu. Tangu siku hiyo bibi hakula kitu cha maana, akisingizia meno. Sasa, kwenye foleni, jirani huyo akamtania kwamba meno yenyewe yamebaki matatu, yatamsumbuaje. Bibi akamjibu kuwa hayo matatu yanatosha kumng'ata mmbea. Foleni nzima ikacheka. Afande hakucheka.

Zamu yao ilipofika, koplo aliweka saa yake mezani.

"Habari yako, Afande?"

Sauti ilikuwa ya mumewe, ila ilimpwaya kama shati la kuazima. Alisema yu mzima, amesimama nje ya hema, upepo na mchanga tu. Akauliza kama mdogo ameota jino. Afande akamwambia ameota mawili, na yote ameyajaribu kwenye bega la bibi yake.

Ndipo aliposikia, nyuma ya sauti ya mumewe. Kwii, kwii, tak. Kisha chuma cha ubavuni mwa kitanda kikashushwa. Toroli halitembei mchangani.

Bibi alikuwa mbele yake, mkono umenyooshwa, macho yakimsoma mkunjo kwa mkunjo. Afande alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

"Mzima, mama. Anataka kukusikia wewe."

Bibi alimuuliza mwanawe kama anakula. Akajibiwa kwamba mpishi wa kikosi sasa humwona akija na kuficha sufuria. Bibi alicheka akapangusa macho, akairudisha simu, akaenda kuketi kwenye benchi. Hapo akatoa ndizi mkobani, akaimenya.

Koplo aliigonga saa yake kwa kidole. Zilibaki sekunde thelathini.

Afande aligeukia ukuta. Maswali yalimjia: ni mguu, ni tumbo, tangu lini, nani yuko naye. Nyuma yake alisikia bibi akitafuna, polepole, kwa mara ya kwanza baada ya siku saba. Upande wa pili mumewe alisikika akipumua tu, kama mtu anayejua amekwisha kujulikana.

Akaisogeza midomo mpaka ikagusa simu, akanong'ona:

"Waambie mashuka yako wayaloweke kwanza kwenye maji baridi."