Vigelegele Katika Ua wa Chuo cha Kale

Mdogo wangu wa kike ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa sasa anafanya kazi Italia, katika mji wa zamani ambao barabara zake zimefunikwa na matao ya mawe. Alipotualika mimi na mama twende tukamtembelee, nilifurahi mara mbili. Furaha ya kwanza ilikuwa yeye mwenyewe. Ya pili ni kwamba katika mji huo kuna chuo kikuu ambacho nimefundisha habari zake darasani tangu nianze ualimu. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Mwanza. Nimeandika ubaoni maneno "vyuo vikuu vya kwanza vya Ulaya" mara nyingi mno, na kila mara nilijiona kama mtu anayesimulia harusi ambayo hakuhudhuria.

Jumatano moja nikatoka kwangu Mabatini, nikavuka ziwa kwenda Sengerema kumpa mama habari hiyo. Nilimkuta uani akianika michembe, vile vipande vya viazi vitamu anavyovikausha kila mwaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekuja katikati ya wiki? Nani anaumwa?"

Nikamwambia hakuna anayeumwa, tunakwenda Italia. Alicheka, akaendelea kuanika. Nikamwambia tena. Safari hii akanitazama.

"Kumwona mdogo wako nimeelewa. Na wewe mbona macho yanakung'aa hivyo?"

"Kuna chuo kikuu huko, mama. Cha zamani sana. Nataka nikione kwa macho yangu."

"Cha zamani kama misheni yetu?"

"Misheni ni mtoto mdogo. Hicho kilikuwepo kabla bibi wa bibi yako hajazaliwa."

Mama akasimama na kipande cha kiazi mkononi. "Na mpaka leo hawajamaliza kusoma?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kufika tulifika salama. Sitasimulia ndege, wala jinsi mama alivyowasalimia abiria wa safu nzima kabla hajafunga mkanda. Nitasimulia asubuhi ya siku tuliyokwenda chuoni. Ilikuwa kiangazi, jua kali kama letu, na nilikuwa nimeamka kabla ya kila mtu, nimevaa shati nililolinunua kwa ajili ya siku hiyo. Mdogo wangu aliniona mlangoni, nimeshavaa viatu, akasema, "Kaka, unakwenda kutalii au kuposa?" Mama alitoka na kitenge cha njano, na kingine cha rangi hiyohiyo amejitanda mabegani. Alisema kwenye shule ya watu huendi ovyo ovyo.

Tuliyemkuta getini kutuongoza alikuwa dada mmoja mchangamfu aliyezungumza Kiingereza, nami nikawa namtafsiria mama. Tukaingia ua wa ndani, wenye nguzo za mawe ghorofa mbili. Kuta zote, na dari pia, zimejaa ngao zilizochongwa na kupakwa rangi: simba, ndege, minara, samaki. Yule dada akaeleza kwamba ni alama za koo za wanafunzi na viongozi wao wa karne zilizopita. Nikawa nageuka geuka na kichwa juu kama mtu anayetafuta ndege kwenye mti. Haya ndiyo niliyokuwa nikiyafundisha kwa maneno matupu! Vijana walitoka nchi za mbali, wakavuka milima kwa miguu na kwa farasi, wakaja hapa, wakaacha alama kwamba walipita. Nilitaka kuwapigia simu wanafunzi wangu wote papo hapo.

"Punguza sauti, baba," mama akaninong'oneza. "Watu wanasoma."

Tukaonyeshwa mimbari ya mbao ambayo mwanasayansi mmoja mkubwa alisimama kufundishia. Mbao zenyewe ni za kawaida, zimepasuka hapa na pale. Niliitazama mpaka wenzangu wakanivuta. Kisha tukaingia chumba ambacho sikukitegemea kabisa: ukumbi wa kale wa kupasulia maiti, ambamo wanafunzi wa udaktari walijifunzia mwili wa binadamu. Unaingia kwa chini, pale ulipolazwa mwili, halafu unainua macho. Safu za mbao zimepanda juu yako, moja juu ya nyingine, zikizidi kupanuka, kama uko ndani ya tenga kubwa la samaki. Wanafunzi walisimama humo wamebanana, wakichungulia chini kwa mwanga wa mishumaa.

Mama akauliza, "Hao waliopasuliwa walikuwa watoto wa nani?"

Nikamuuliza yule dada. Akasema wengi walikuwa watu waliohukumiwa kifo, wasio na ndugu wa kuwadai.

Mama akainamisha kichwa. "Poleni," akasema. Halafu akaongeza kwa Kisukuma, "Wabeja." Asanteni.

Yule dada alitaka kujua amesema nini. Nilipomweleza, aliweka mkono kifuani.

Tulikuwa tunatoka, tumerudi kwenye ule ua, mlango wa juu ulipofunguka na kelele zikamwagika. Binti mmoja alishuka ngazi akiwa na taji la majani mabichi kichwani, utepe mwekundu ukining'inia mgongoni. Nyuma yake walikuja ndugu na rafiki, wengine wanaimba, wengine wanapiga picha, na bibi mmoja mzee wa nguo nyeusi akishuka polepole kwa fimbo.

"Nini hicho?" mama akauliza.

"Amehitimu," mdogo wangu akajibu. "Sasa hivi. Huku wanapewa matokeo yao siku hiyohiyo, wanavishwa taji la majani."

"Amehitimu chuo hiki? Hiki hiki cha zamani?"

"Hiki hiki."

"Na mbona hakuna anayempigia vigelegele?"

Nilifungua mdomo kumweleza kwamba hapa siyo kwetu. Sikuwahi. Mama alikwishavuta pumzi, na vigelegele vikatoka. Mtu asiyewahi kusikia vigelegele vya mama yangu hajui ninachosema. Vikipigwa Sengerema, mtaa wa pili wanauliza nani kaolewa. Sasa viweke ndani ya ua wa mawe wenye kuta pande zote nne. Viligonga nguzo, vikapanda ghorofa ya juu, vikaturudia vimeongezeka, kana kwamba wanawake kumi wamemwitikia. Njiwa waliruka wote. Watu walioimba walinyamaza. Madirisha yakafunguka. Mlinzi aliyekuwa getini akaanza kuja upande wetu kwa haraka, na mimi nikahisi jasho likinitiririka ndani ya shati langu jipya.

Aliyetufikia kwanza ni yule bibi wa fimbo, aliyekuwa karibu nasi. Alimshika mama mikono yote miwili, akasema maneno mengi huku machozi yakimtoka.

"Anasemaje?" mama akauliza.

Mdogo wangu akatafsiri. "Anasema huyu ni mjukuu wake, wa kwanza kwao kusoma chuo kikuu. Anasema hakujua furaha yake aitoe vipi, na wewe umemtolea. Anaomba upige tena."

Mlinzi alikuwa ameshafika. Akamtazama bibi, akamtazama mama, kisha akarudi nyuma hatua moja na kukunja mikono, kama mtu anayesubiri.

Mama akapiga tena. Halafu akajivua kile kitenge cha mabegani, akakitandika juu ya mawe mbele ya binti, akamwashiria apite. Binti akasita, akavua viatu, akapita juu ya kitenge na taji lake kichwani, na ua mzima ukalipuka kwa makofi. Mimi, mwalimu wa watu, nilikuwa nalia na kucheka. Yule dada aliyetuongoza alijaribu vigelegele, vikatoka kama kikohozi, mama akamfundisha aweke ulimi vipi.

Walitung'ang'ania twende nao kwenye chakula. Kwenye meza ndefu chini ya matao, mama na yule bibi waliketi pamoja, kila mmoja akizungumza lugha yake, wakiitikiana kwa vichwa. Pale ndipo mdogo wangu alipomuuliza, "Mama, kwa nini ulipiga kwa nguvu vile kwa mtoto usiyemjua?"

Mama alifuta mdomo. "Siku kaka yako anahitimu, nilikwama Busisi, upande wetu wa ziwa. Ziwa lilichafuka, kivuko hakikuondoka. Nilikaa pale nimevaa nguo zangu nzuri mpaka sherehe ikaisha ng'ambo. Vile vigelegele ningevipeleka wapi?"

Nilikuwa najua kwamba hakufika siku ile. Kwamba alikaa ufukweni amejipamba, hilo hakuwahi kuniambia. Nikainuka, nikazunguka meza, nikamkumbatia mbele ya wageni wote, naye akanipiga piga mgongoni akisema, "Basi, baba, basi. Kula, chakula kinapoa."

Tumerudi. Darasani siku hizi somo lile huwa linakula na kipindi kinachofuata, na wanafunzi wanapenda zaidi habari za ule ukumbi wa mbao. Mama naye ana lake. Sokoni Sengerema, wenzake wakibishana juu ya jambo lolote, liwe bei ya mihogo au ugonjwa wa ng'ombe, yeye hukohoa kidogo na kuanza, "Mimi nilipokuwa chuo kikuu..." Na wiki iliyopita alinipigia simu kuniuliza kama huko Ulaya kuna kingine cha zamani zaidi, na wanahitimu mwezi gani.