Ubongo wa Ng'ombe Darasani

Nitawasimulia, lakini mkicheka mcheke taratibu, maana hata leo nikikumbuka uso unanichoma.

Ilikuwa wakati wa vita, nchi iko kwenye vikwazo, na mimi ndiyo kwanza nimerudi Bujumbura kutoka masomoni Ulaya (vita vilipoanza sikuwepo, mlijue hilo mapema), nikapewa kufundisha somo la ubongo na tabia za mtu kwa sababu profesa wake alikuwa amekimbia. Vitabu hakuna, picha hakuna, basi nikajiona mjanja: asubuhi nikapita kwa muuza nyama kule Rohero, nikanunua ubongo wa ng'ombe, nikaupasua katikati, nikauweka kwenye sahani na kuufunika kwa kitambaa.

Nilipofunua, darasa zima likainamisha vichwa. Nikadhani ni heshima.

Goreth, msichana wa mstari wa mbele aliyekuwa hodari kuliko wote, akasema kwa sauti ndogo, "Profeseri, funika iyo kitu."

Mtu mwenye akili angefunika. Mimi nikatania, "Kwani nyumbani hamuli na ugali?" na hakucheka hata mmoja, nami kwa kuona aibu nikajifanya mkali (walimu wapya ndivyo tulivyo), nikamwamuru aje mbele aonyeshe kwa kidole sehemu inayohifadhi kumbukumbu, la sivyo nampa sifuri.

Akaja. Akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Apana, mi siwezi. Ya kaka yangu nilikusanya na mikono yangu, ku mulango ya kwetu."

Hakulia. Alichukua daftari lake akatoka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja bila kelele, mpaka nikabaki mimi na sahani na nzi wawili. Mkuu wa kitivo akachungulia, akauliza wanafunzi wako wapi, nikamwambia nimewapa mapumziko. Mtu mzima, nadanganya huku nimeshika ubongo.

Wiki iliyofuata nilimwomba Goreth radhi mbele ya wote. Alijibu, "Sawa, profeseri," akaandika kila nilichosema, na mtihani akaufaulu vizuri, ila mpaka mwaka unaisha hakuniangalia tena usoni. Niliapa sitamlazimisha tena mwanafunzi kutazama kitu alichoniomba nikifunike. Kiapo nimekishika miaka yote hii, lakini kwa Goreth kilichelewa.