Mtani Alipomwigiza Baba

Enzi zetu Temeke, mtoto hakuulizwa kama anataka kucheza. Jua likipoa unaitwa, ukikataa wenzako wanakuja kukutoa ndani. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu, tukacheza kombolela mpaka kopo likapasuka, na wasichana tukichoka kukimbia tulikaa uani kucheza baba na mama. Madukani sukari ilikuwa ya foleni, unga wa foleni, hata sabuni, lakini kwenye jiko letu la makopo hapakuadimika kitu. Ugali ulikuwa mchanga, mboga majani ya mpapai. Wajukuu zangu nikiwasimulia wanakunja pua. "Bibi, si mlikuwa mnapata minyoo?" Tulipata. Tulinyweshwa dawa, na kesho yake tukarudi mchangani.

Baba alifanya kazi kiwanda cha nguo na alipenda mikutano kuliko chakula. Hata nyumbani aliongea kama yuko jukwaani. "Ndugu zangu, kujitegemea kunaanzia kwenye kuosha sahani yako mwenyewe!" Jioni, akiwa bado uchochoroni, alikohoa mara moja, kikohozi kizito cha kujitangaza, nasi tulitupa makopo na kukimbilia ndoo kunawa miguu kabla hajaingia.

Chumba cha pili aliishi Mama Shija, Mnyamwezi wa Tabora. Sisi ni Wazaramo, kwa hiyo walikuwa watani, yeye na mama yangu, na hapakukucha bila matusi.

"We Mzaramo, bado umelala? Ngoma ya jana imekuchosha?"

"Nyamaza, mpagazi we! Shingo yako bado ina alama ya mzigo wa babu yako!"

Walicheka hapo mpaka uji ukaungua. Sisi watoto tuliamka mapema tusikose.

Baba alifariki wakati wa masika. Homa ilimchukua upesi. Siku ya maziko Mama Shija alifanya kazi ya mtani: alijilaza mlangoni akazuia jeneza lisitoke, kisha akavaa kofia ya Baba na koti lake, akatembea kama yeye, akahutubia waombolezaji na kukohoa kama yeye. Alimpatia kabisa. Baba mdogo, aliyekuwa analia kwa kwikwi, alicheka mpaka akapaliwa. Watu wote walicheka isipokuwa Mama. Wala hakulia.

Alipokaa eda, Mama alinyamaza kabisa. Alikaa chumbani na kanga nyeupe, chakula kikaingia na kutoka kilivyo. Nilimsikia bibi yangu akimwambia shangazi jikoni, "Huyu asipolia, tutamzika na yeye." Niliogopa vibaya sana. Nilikuwa nalala nimeshika pindo la kanga yake ili akiondoka nijue. Kila asubuhi Mama Shija alisimama mlangoni pake akamtukana kama kawaida, na kila asubuhi hakujibiwa. Utani usiojibiwa hugeuka tusi tu. Mama Shija aliondoka pale ameinamisha uso.

Na mchezo wetu ulikufa. Hakuna aliyetaka kuwa baba. Aliyechaguliwa alinitazama mimi, akasema anaumwa tumbo. Tukabaki tumekaa na makopo yetu, hatupiki.

Jioni moja Mama Shija akaja uani na kofia ya Baba kichwani, akaketi mchangani katikati yetu, mtu mzima yule na mwili wake.

"Mie ndiye baba. Chakula kiko wapi?"

Halafu akakohoa. Kikohozi chembamba, mfululizo, cha mbuzi aliyekwamwa na jani. Tukatazamana. Yeye aliyempatia Baba siku ya maziko, leo anakosea hivi? Nikamnong'oneza, "Mama Shija, siyo hivyo." Akajifanya kiziwi, akageukia dirisha la chumba chetu na kukohoa tena, vibaya zaidi.

"We mpagazi!" Sauti ilitoka ndani, kavu kwa kukaa bila kutumika. "Mume wangu hakukohoa kama mbuzi!"

"Alikohoa hivi hivi! Mie nilimsikia kila siku, we ulikuwa umelala!"

Mama akatokea mlangoni, ameshika mwimo, amekonda mpaka nikamwonea haya. Akavuta pumzi, akakohoa mara moja. Kilikuwa kikohozi cha Baba chenyewe. Watoto wote tukainuka tukakimbilia ndoo kunawa miguu, na tulishatia mikono majini ndipo tukakumbuka.

Mama alituona. Hapo ndipo alipolia, kilio cha kukaa chini. Mama Shija alimkumbatia, kofia ikiwa bado kichwani, na matusi hakuacha. "Lia, Mzaramo, lia! Hata kulia mnangoja mfundishwe!"

Sitaki kudanganya: Mama hakurudi kuwa yule wa zamani. Nyimbo zake za jikoni sikuzisikia tena. Lakini alikula usiku ule, na alitulea.

Sasa naishi Bunju, ndani ya ukuta wenye vigae vya chupa juu, na watoto wa jirani siwajui majina. Mume wangu alipofariki mwaka jana yalikuja maturubai, viti vya kukodi na msemaji mwenye kipaza sauti. Jirani mmoja kijana ni Mnyamwezi. Nilimwambia, "Mtani, mbona umenyamaza?" Akainama kwa adabu. "Bibi, nikikutania msibani watu si watanirekodi? Pole sana." Wote walikuwa na adabu. Walikula, wakatoa pole, wakaondoka.

Mume wangu alikuwa anaanza kucheka kabla kisa hakijaisha, hata miisho ya visa vyake hatukuijua. Nikiwa peke yangu najaribu kukiigiza kicheko kile, na kila mwezi kinanipotea zaidi. Natamani aje mtu yeyote amwigize vibaya, nipate kumkatalia. Wajukuu wanapita na simu zao, wanasema, "Shikamoo bibi," wananirudishia mlango taratibu ili nipumzike.