Dafroza na Piano ya Makoko

Mwaka ule wa themanini na tatu, madukani Musoma sabuni hakuna, sukari hakuna, na Dafroza naye akapoteza masikio. Homa kali ilimlaza wiki nyingi. Alipoinuka, sikio la kushoto lilikuwa kimya kabisa na la kulia likisikia kwa mbali. Naye ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya ya kigango cha Makoko tangu usichana wake.

Akaenda kwa Sista Ursula, mtawa wa Kijerumani aliyewafundisha nyimbo, kurudisha ufunguo wa kabati la sare.

"Sista, tafuta mtu mwingine. Nilikuwaga nasikia hata sauti moja ikipotea. Sasa nasikia upepo tu."

Sista hakubisha. Alimwingiza sebuleni, akamwekea viganja vyake juu ya ubao wa piano kuukuu, akaanza kupiga. Sauti zilipanda tatu tatu, polepole, na chini yake nyingine nzito zikitembea. Dafroza alizisikia mikononi, zikampanda hadi mabegani. Machozi yakamtoka.

"Ni kazi ya Beethoven, mtunzi wa kwetu wa zamani," Sista alimwambia karibu na sikio la kulia. "Alipoitunga, masikio yake yalikuwa yameanza kufa. Alikuwa akificha, akiona aibu."

"Akaendelea kutunga?"

"Akaendelea. Watu wanaiita ya mbalamwezi, ila yeye hakuipa jina hilo. Alishakufa ndipo mtu mmoja akaifananisha na mwezi juu ya ziwa."

Dafroza akatikisa kichwa. "Mie naona mama anabembeleza mtoto mgonjwa, na mwenyewe anaogopa."

"Hata huyo mama yumo," Sista akasema. Ufunguo hakuupokea.

Tangu hapo, kila alasiri Dafroza alijifunza kuipiga. Masatu, mumewe, alikuwa akitoka kuvua anaketi ngazini kumsikiliza. Alisema muziki ule unampumzisha kifua. Kwenye kwaya, Dafroza alisimama nyuma ya Leonardi, mwimba besi, akamshika mgongo ili apate sauti. Watu walicheka Jumapili ya kwanza, kisha wakazoea.

Bidhaa zilipoanza kurudi madukani, Sista Ursula akaitwa kwao. Siku ya kumuaga, Dafroza aliipiga mbele ya kigango kizima. Alikosea katikati, akatulia, akaendelea hadi mwisho. Kisha akamkumbatia yule mtawa.

"Asante, mama," alimwambia. "Mimi nilikuwa nimeshajizika."

Piano ilibaki Makoko, na wasichana wa kwaya wakaanza kufundishwa kuipiga na Dafroza.